Taja Mahali

Kuna neno la Kiingereza la wanabiolojia linalotusumbua bila sababu, nalo ni "endemic". Limejaa kwenye ripoti za mazingira, vibao vya hifadhi, vitabu vya shule na taarifa za habari. Mti huu ni endemic. Chura yule ni endemic. Malaria ni endemic. Hata rushwa, tunaambiwa, ni endemic. Na karibu kila mara swali moja linaachwa bila jibu: wapi?

Neno hili likikosa jina la mahali ni kifurushi kilichopakiwa kwenye basi bila kuandikwa kituo cha kushushwa. Kitasafiri, kitapita mikononi mwa wengi, na hakitamfikia mwenyewe. Dawa yake ni ndogo na kila mhariri anaijua. Ukiandika kwamba kiumbe ni endemic, andika papo hapo ni wa wapi. Kama hujui ni wa wapi, basi hujui kama ni endemic, na hujawa tayari kuandika.

Maana yenyewe haina ugumu wowote. Katika biolojia, kiumbe ni endemic wa mahali fulani kama kwa asili anaishi hapo na hapatikani kwingine kokote duniani. Maelezo hayo yana nusu mbili na zote zinatakiwa. Yupo hapa. Kwingine hayupo. Wengi wanaishia kwenye nusu ya kwanza, kisha orodha zao zinajaa tembo, simba na mibuyu.

Asili ya neno ni Kigiriki, lenye maana ya kitu kilichomo ndani ya watu, na kwa muda mrefu lilikuwa mali ya matabibu: ugonjwa unaokaa na watu wa mahali fulani, tofauti na ule unaowavamia na kupita. Mwaka 1820 mtaalamu wa mimea wa Geneva, Augustin Pyramus de Candolle, aliliazima kwa ajili ya mimea inayoota katika eneo moja tu. Tangu hapo neno limebeba maana mbili. Daktari akilitumia hasemi kwamba ugonjwa haupo kwingine. Mwanabiolojia akilitumia anasema hivyo hasa. Mwanafunzi anayekutana na maana zote mbili katika muhula mmoja, asiambiwe na mtu, atachanganyikiwa, na kosa si lake.

Kiingereza chenyewe kinatoa ishara. Kiumbe huwa "endemic to" mahali fulani. Ugonjwa huwa "endemic in" mahali fulani. Vihusishi ni tofauti, lakini vyote viwili vinadai jina la mahali lifuate. Anayeacha jina hilo ameikata sentensi kabla haijaisha.

Tuchukue kitoweo, maana hapo hakuna atakayesema jambo ni la wasomi tu. Katika dagaa wa Kigoma yumo yule ambaye wanasayansi wanamwita Stolothrissa tanganicae. Huyo ni endemic wa Ziwa Tanganyika. Mgebuka naye, Lates stappersii, ni wa ziwa hilohilo. Kwa asili hawapo katika ziwa jingine lolote. Lakini ziwa lina nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Burundi dagaa huyo ni ndagala na mgebuka ni mukeke, na samaki ni walewale. Mtu anayeandika kwamba mgebuka ni endemic wa Tanzania amekosea, hata kama amemla Ujiji tangu utotoni. Anayeandika kwamba ni endemic wa Burundi amekosea vilevile. Mgebuka hana bendera. Ana ziwa.

Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote: kuweka nchi mahali pa makazi. Mipaka yetu ilichorwa na watu waliokuwa Ulaya, wakiwa na ramani na haraka. Milima ya Tao la Mashariki inaanza Taita, Kenya, na kushuka hadi Udzungwa, Tanzania. Kiumbe anayepatikana katika tao lote na kwingine hayupo ni endemic wa tao. Kwa Kenya si endemic, kwa Tanzania si endemic. Wizara mbili zinaweza kumdai kila moja upande wake, na zote mbili zitakuwa zimemwelewa vibaya, kwa sababu msitu wake mmoja ukikatwa upande wa pili wa mpaka, ni yeye huyohuyo anayepungua.

Dagaa wana somo la pili. Aina nyingine ya Tanganyika, Limnothrissa miodon, ilichukuliwa na watu ikapandwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na baadaye Kariba, ambako wanaiita kapenta. Leo inavuliwa kote huko. Je, imeacha kuwa ya Tanganyika? Hapana. Maneno "kwa asili" ndiyo yanayoamua, na ndiyo ya kwanza kufutwa na mhariri anayebana nafasi. Yaachwe. Aandike: kwa asili ni wa Tanganyika tu, amepelekwa Kivu na Kariba. Mstari mmoja umemaliza ubishi.

Sangara anatufundisha upande wa pili. Kwa asili yumo katika Nile, Ziwa Albert, Ziwa Turkana na maji mengine kadhaa ya Afrika. Ziwa Victoria hakuwamo. Alitiwa humo miaka ya 1950. Kwa hiyo ndani ya Uganda peke yake sangara ni mwenyeji Albert na mgeni Victoria. Anayesema sangara ni samaki wa asili wa Uganda amesema kweli, na bado amempotosha msikilizaji, kwa sababu hakutaja maji. Na humo Victoria sangara aliwakuta furu, mamia ya spishi za samaki wadogo ambao wengi wao hawakuwa na nyumba nyingine duniani. Wengi wametoweka. Ngege, aliyekuwa samaki mkuu wa wavuvi wa Victoria na Kyoga, alibanwa na nyavu, na sato wa kupandwa, na sangara, hadi akawa wa kutafutwa kwenye maziwa madogo ya pembeni na mabwawa. Mtoto anayekua Mwanza au Kisumu leo anaweza kudhani sangara na sato walikuwapo tangu mwanzo. Nani wa kumweleza kama vitabu vinaandika tu "samaki wa asili"?

Mwenyeji si lazima awe endemic. Hilo likiingia kichwani, nusu ya matatizo imekwisha. Mbuyu tunaoujua huku unaota nchi nyingi za Afrika, kutoka Senegal hadi kusini mwa bara. Ni mwenyeji wa Tanzania, ni mwenyeji wa Kenya, na si endemic wa hata moja. Madagaska ina aina 6 za mibuyu zake yenyewe, zisizoota kwa asili mahali pengine. Hizo ndizo endemic wa kisiwa kile. Australia ina aina yake moja. Ukisikia mtu anasema "mbuyu ni endemic", muulize mbuyu upi.

Wafasiri nao wanapenda kukimbilia "wa kienyeji". Halifai. Kuku wa kienyeji yupo kila uani kutoka Bagamoyo hadi Bukavu, na mababu zake ni kuku pori wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Alikuja na watu. Neno kienyeji linatueleza jinsi anavyofugwa na ladha ya mchuzi wake, na kwa hilo ni neno zuri sana. Kuhusu alikotoka haliwezi kutuambia lolote.

Kosa jingine ni kudhani endemic maana yake ni adimu, au yuko hatarini kutoweka. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa maelfu ya tani na kuuzwa hadi Dar es Salaam, na bado ni endemic. Popo wa Pemba, yule mkubwa anayekula matunda, alipungua vibaya hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Wapemba wenyewe wakaanza kumlinda, vijiji vikaunda vikundi, idadi ikapanda tena hadi maelfu mengi, na wataalamu wakamtoa katika ngazi ya hatari ya juu kabisa. Alipokuwa mchache alikuwa endemic wa Pemba. Alipozaana akabaki endemic wa Pemba. Idadi ilibadilika; mahali hapakubadilika. Hayo ni maswali mawili, na kila moja linahitaji jibu lake: anaishi wapi, na wamebaki wangapi?

Lipo pia ua la Usambara, lile la rangi ya zambarau lenye majani ya manyoya. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao, na leo limejaa kwenye madirisha ya nyumba Ulaya na Marekani. Huenda ni miongoni mwa maua ya chungu yanayouzwa zaidi duniani. Porini, jamii yake yote inaota Tanzania na kusini mashariki mwa Kenya tu, na baadhi ya aina zake zimebaki kwenye miamba michache yenye kivuli na unyevu. Vyungu vyote vya Ulaya havibadilishi hilo. Kivuli kikiondoka kwenye mwamba wake, porini limekwisha.

Sasa twende Kihansi, kwa sababu hapo uzembe wa neno unageuka gharama.

Desemba 1996, wakati kazi ya mradi wa umeme wa Kihansi ikiwa imeshaanza, watafiti walimkuta chura mdogo wa rangi ya dhahabu kwenye korongo la mto huo, kwenye miteremko ya Udzungwa. Hatagi mayai, anazaa watoto wakiwa tayari vyura wadogo. Aliishi kwenye majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko, saa zote, mwaka mzima. Eneo lake lote duniani lilikuwa kama hekta 2. Soma tena hapo: hekta 2. Kuna shule zenye viwanja vikubwa kuliko hivyo.

Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi, karibu sehemu tisa kati ya kumi za maji ya mto ziligeuzwa kupita kwenye handaki. Manyunyu yakakatika. Serikali na wafadhili wakaweka mabomba ya kunyunyiza maji kuiga maporomoko. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura karibu 500 walisafirishwa hadi bustani za wanyama Marekani ili wasipotee kabisa. Kwa muda kidogo wa korongoni walionekana kurudi, kisha mwaka 2003 wakaanguka ghafla. Ugonjwa wa kuvu unaoua vyura duniani kote ulikutwa humo. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2010 kundi la kwanza lilirudishwa kutoka Marekani hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha korongoni ikaanza. Porini chura hakuwa na mahali pengine pa kutokea. Zile hekta 2 zilikuwa ndiyo dunia yake.

Watu wengi walinung'unika wakati ule, na bado wananung'unika: umeme au chura? Tunaelewa. Nyumba gizani, hospitali gizani, si mambo ya kupuuza. Lakini manung'uniko mengi yalitokana na kutoambiwa jambo zima. Watu waliambiwa kuna chura endemic. Hawakuambiwa kwa sauti ile ile kwamba viumbe hawa wako hapa tu, kwenye eneo la hekta 2, na kwamba maji yakigeuzwa hakuna kijito kingine cha kuwahamishia. Ukiambiwa hivyo unaweza kubaki na uamuzi wako wa umeme, na ukapanga tangu mwanzo maji kiasi gani yaachwe mtoni na fedha zipi zitengwe. Ukiambiwa "endemic" unatikisa kichwa na kugeuza ukurasa.

Ndiyo maana tunasema ripoti ya athari kwa mazingira inayoorodhesha "spishi endemic 12" bila ya maelezo irudishwe ilikotoka. Kila jina lifuatwe na mahali, na ukubwa wa mahali hapo ukijulikana. Spishi ya Afrika Mashariki yote na spishi ya korongo moja haziwezi kukaa kwenye safu moja ya jedwali, zikapewa alama moja, na mtu akasema amefanya tathmini.

Tuje kwa madaktari.

Ugonjwa ukiwa endemic mahali fulani, maana yake upo hapo muda wote, kwa kiwango kinachoweza kukadiriwa, bila kusubiri kuletwa na msafiri. Ni hivyo tu. Neno halisemi kama kiwango ni kikubwa au kidogo, wala kama ugonjwa unaua au hauui. Madaktari wa zamani walilijua pengo hilo wakalijaza. Mwaka 1950, katika mkutano wa malaria uliofanyika Kampala chini ya Shirika la Afya Duniani, waligawa maeneo ya malaria katika ngazi 4 kwa kupima bandama za watoto wa miaka 2 hadi 9. Penye watoto chini ya 10 kati ya 100 wenye bandama iliyovimba, ngazi ya chini. Panapozidi 75 wakati wote, ngazi ya juu kabisa. Hawakutosheka kusema malaria ipo. Walisema ipo wapi na kwa kiasi gani, wakatumia mikono yao matumboni mwa watoto. Zaidi ya miaka 70 baadaye, sisi wenye kompyuta tunashindwa kuongeza maneno mawili.

Kibaya zaidi, neno limeanza kusikika kama habari njema. Mwanzoni mwa mwaka 2022 wanasiasa wa nchi mbalimbali walianza kusema korona inaelekea kuwa endemic, kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba balaa limepita. Aris Katzourakis, mtaalamu wa virusi wa Chuo Kikuu cha Oxford, aliandika katika jarida la Nature Januari mwaka huo kupinga matumizi hayo, akieleza kwamba ugonjwa unaweza kuwa endemic na ukaendelea kuua kwa wingi. Sisi wa huku hatukuhitaji kuambiwa kutoka Oxford. Malaria ni endemic, na kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani iliua watu 608,000 duniani mwaka 2022, wengi wao watoto wa Afrika wasiofikia miaka mitano. Ndui ilikuwa endemic kwa karne nyingi na iliua kama watu watatu katika kila kumi iliowapata. Haikulala yenyewe. Ilifukuzwa kwa chanjo, nyumba kwa nyumba, hadi mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya kawaida alipopatikana Merca, Somalia, mwaka 1977.

Upande wa pili wa neno hili ni mchungu zaidi. Homa ya nyani, mpox, iligunduliwa kwa binadamu mwaka 1970 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa miongo iliyofuata ilipewa jina moja kwenye ripoti za dunia: endemic katika Afrika ya Kati na Magharibi. Tafsiri iliyosikika masikioni mwa wenye fedha ilikuwa: ni kawaida yao. Mwaka 2022 ilipofika Ulaya na Marekani, chanjo zilipatikana huko ndani ya miezi. Mwezi Juni mwaka huo Shirika la Afya Duniani liliacha kuzigawa nchi kuwa zenye mpox endemic na zisizo nayo, na lilifanya vizuri. Hata hivyo Kongo, iliyoandikisha wagonjwa wa kushukiwa zaidi ya 14,000 mwaka 2023, ilisubiri. Ugonjwa ukavuka kutoka Kivu Kusini hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Agosti 2024 ikatangazwa dharura ya kimataifa, na Septemba shehena ya kwanza ya chanjo ikatua Kinshasa. Miaka 54 baada ya mgonjwa wa kwanza.

Mtu anayeandika "mpox ni endemic Kongo" na kuweka nukta anashiriki katika hilo, hata kama hakukusudia. Neno linaeleza ugonjwa uko wapi. Halitoi ruhusa ya kuuacha.

Kutoka hapo si mbali kufika kwenye rushwa endemic, ukatili endemic, uzembe endemic. Magazeti ya Kiingereza yanapenda sana usemi huo, hasa yakiandika kuhusu Afrika, na sisi tunautafsiri bila kufikiri. Tunaomba uachwe. Rushwa haikuota kwenye udongo wa mahali popote. Ina anayetoa, ina anayepokea, ina ofisi na saa. Anayeiita endemic anaifanya ionekane kama mvua za masika, kitu cha kuvumilia. Kama hospitali fulani inadai chai kabla ya kumpokea mama mjamzito, andika hivyo. Kama imezoeleka nchi nzima, andika imezoeleka nchi nzima, na useme nani anaweza kuikomesha.

Tunajua visingizio vitakavyokuja, kwa sababu tumevisikia. Cha kwanza ni nafasi. "Hupatikana Pemba tu" ni maneno matatu. Hakuna gazeti lililokosa nafasi ya maneno matatu. Cha pili ni kwamba msomaji anajua. Hajui, na hata mwandishi mara nyingi hajui. Angekuwa anajua angetaja. Cha tatu, kwamba chanzo hakikusema. Basi piga simu ukiulize. Cha nne ndicho kinachopendwa na watu wa lugha: kwamba Kiswahili hakina neno moja la kusimama mahali pa "endemic", kwa hiyo tungoje kamati. Hatuhitaji kungoja. Lugha yetu inasema "hupatikana hapa tu" vizuri kabisa, na inasema "ugonjwa uliopo siku zote" vizuri kabisa, na uzuri wake ni kwamba hizo ni kauli mbili zisizofanana. Anayelazimika kuzitumia hawezi kuchanganya chura na malaria. Wanaotaka kuandika endemiki kwa herufi zetu, kwenye vitabu vya chuo, waandike. Lakini mahali pafuate palepale.

Walimu wa biolojia wanaweza kuanza kesho. Swali la mtihani linalosema "taja wanyama endemic watatu" halina jibu sahihi wala kosa, kwa sababu kila kiumbe duniani ni endemic wa mahali fulani ukipanua eneo vya kutosha. Binadamu mwenyewe ni endemic wa dunia hii. Badilisheni swali: taja viumbe watatu wanaopatikana Ziwa Tanganyika tu. Mtoto wa Kigoma atajibu kabla hujamaliza kusoma.

Kuna jambo moja wataalamu wenyewe wanalipita haraka. Kusema kiumbe yuko hapa tu ni kudai kwamba kwingine kote pameangaliwa, na mara nyingi hapajaangaliwa. Bundi mdogo wa Sokoke, Otus ireneae, alielezwa kisayansi mwaka 1966 kutoka msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Malindi. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba ni wa pwani ya Kenya peke yake. Miaka ya 1990 watafiti wakamsikia akilia kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania, ambako bila shaka alikuwa akilia muda wote huo. Aliyeandika zamani hakusema uongo. Aliandika kadiri watu walivyotafuta. Lakini vitabu na vibao vilivyochapwa kabla ya hapo bado vipo, vingine ukutani. Kwa hiyo pamoja na mahali, andikeni mwaka wa taarifa, na kibao kinachosema bundi huyu ni wa Kenya tu kiandikwe upya: hupatikana pwani ya Kenya na Usambara Mashariki. Ni kopo moja la rangi na kazi ya asubuhi moja.